Ngozi ya Muuza Mafuta

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kuliko zote tangu nifungue duka. Mpambaji wa maharusi amepiga simu. Ndiye anayepamba maharusi wote wa mji huu, wenye uwezo na wanaojikaza. Amesikia habari za mafuta yangu. Atakuja Jumamosi kuyaona mwenyewe, na yakimridhisha, kila bi harusi atakayepita mikononi mwake atapakwa Nuru ya Ngozi kuanzia kisogoni mpaka kisiginoni. Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi kwamba nitatazama kama nina nafasi. Nikakata simu. Nikarukaruka mpaka vikopo viwili vikaanguka.

Nuru ya Ngozi ni kazi ya akili yangu mwenyewe. Mafuta ya mgando, nta ya nyuki, marashi, na kitu cha nne ambacho sikiandiki hata humu. (Siku hizi cha nne kimekwisha, kwa hiyo naongeza cha kwanza.) Kila kikopo kina karatasi yake: "Kwa Ngozi Isiyojua Shida."

Kikwazo ni kimoja tu. Muuza mafuta ndiye tangazo la mafuta yake, na leo kwenye kioo nimeona pembe zote mbili za mdomo zimepasuka. Nikipiga miayo zinauma. Nikicheka zinauma zaidi, ingawa kwa sasa sina cha kunichekesha. Ni upepo. Upepo wa siku hizi ni mkavu mno.

Jioni mke wangu amepiga simu. Yuko kwa binti yetu tangu mwanzo wa Novemba, binti alipojifungua mapacha kabla ya siku zao. Atarudi Jumapili ya tarehe 17. Akauliza, kama anavyouliza kila siku, nimekula nini. Nikasema mboga za majani, samaki, na chungwa juu yake. Mkononi nilikuwa na mkate na mbele yangu kikombe cha chai ya rangi.

Kwani ningefanyaje? Katika soko letu mboga, matunda, maharage na hata mayai anauza mtu mmoja, naye ni Mama Mafungu, ambaye kibanda chake na duka langu vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Wiki ile ile mke wangu alipoondoka, nilikuwa namuuzia dada mmoja mwenye mikono iliyokauka kikopo kikubwa. Mama Mafungu akachungulia juu ya ukuta na kumwambia yule dada kwamba kabla hajapaka, ale. Dada akaniachia kikopo changu mkononi, akaenda kununua mafungu mawili ya mboga na karoti. Hapo hapo nikala kiapo: hata jani moja la mwanamke yule halitapita kooni mwangu. Miezi minne sasa. Mimi ni mtu wa msimamo.

Jumanne, 5 Machi

Nimekuta vidoa vyekundu miguuni, kuanzia gotini kushuka. Kila kinyweleo kimezungukwa na kidoa chake, utadhani mtu amepita na kalamu akiviweka kimoja kimoja. Na vinyweleo vyenyewe vimejikunja kama springi. Kwenye mikono ya juu ngozi imetoa vipele vigumu. Ukipitisha kiganja ni kuku aliyenyonyolewa.

Kunguni! Sikupoteza wakati. Nimelitoa godoro nje, nikalipiga kwa ufagio mpaka pumzi zikaniishia, jambo lililochukua dakika tatu. Nimefua mashuka. Kitanda nimekimwagia maji ya moto. Sijaona kunguni hata mmoja. Wajanja sana.

Mchana nimeuma mkate, ukabaki na alama ya damu. Nikaupeleka kwa mwoka mikate na kumwambia kwamba mikate yake siku hizi ni mawe, inaumiza watu vinywa. Akachukua kipande kile kile, akakibonyeza kwa kidole kimoja, kikabonyea kama sifongo. Akaniuliza kama fizi zangu ziko salama. Nikamwambia asibadilishe mada.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamua kutumia dawa ninayoiamini. Nimejipaka Nuru ya Ngozi tabaka tatu: miguu, mikono, midomo. Hata fizi nimezipaka. Ladha yake siielezi.

Matokeo mpaka saa kumi jioni: nimeteleza kwenye kiti mara mbili, kikombe kimenitoka mkononi, na vidoa viko pale pale, ila sasa vinang'aa.

Mwalimu wa shule ya jirani, mteja wangu wa siku nyingi, aliingia kuchukua kikopo chake cha mwezi. Akanitazama midomo. Akakitazama kikopo. Akanitazama tena midomo. Akaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe natumia mafuta haya. Nikajibu kwa fahari kwamba natumia kila siku, na leo nimepaka tabaka tatu. Akakirudisha kikopo mahali pake taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia, akasema atapita wiki ijayo.

Mama Mafungu alisikia yote. Ukuta ule unapitisha hata mawazo. Akaniuliza kutoka upande wake ninakula nini siku hizi. Nikamjibu kwamba tumbo la mtu ni mambo yake ya ndani. Akasema ndiyo maana anauliza ya ndani, kwa sababu ya nje anayaona. Sikumwelewa na sikutaka kumwelewa.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo limenijia nikiosha kikombe. Mawazo makubwa hunijia kwenye maji.

Kama uso wangu hautangaziki, nitafute uso mwingine. Na ngozi nzuri kuliko zote sokoni hapa (mkono unaniuma kuandika) ni ya Mama Mafungu. Mwanamke aliyepita hamsini, anayesimama juani tangu asubuhi, na bado mashavu yake yanang'aa kama biringanya lililooshwa. Hakuna haki duniani.

Mpango: nimpe kikopo cha bure. Apake mara moja tu. Jumamosi mpambaji akimwona, nitasema yule pale ni mteja wangu, na haitakuwa uongo. Au haitakuwa uongo mwingi.

Nikampelekea kikopo kikubwa pamoja na tabasamu, ambalo lilinitoa damu pembe zote mbili. Nikasema ni ishara ya ujirani mwema, yaliyopita tuyaache. Alishangaa, akashukuru, akataka kunifungia machungwa manne. Nikakataa. Kiapo ni kiapo. Akayarudisha kwenye fungu, lakini nilimwona akinitazama ninavyokokota miguu.

Saa tisa akachungulia. Akasema mafuta yangu ni ya ajabu, hajapata kuona mengine kama hayo. Nikaanza kutafuta kalamu. Akasema bawaba za mlango wa kibanda chake zilikuwa zinalia mwaka mzima, na leo zimenyamaza kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Jambo la kushangaza. Nina kovu gotini. Nililipata nikiwa na miaka kumi na tisa, nilipoanguka na baiskeli mbele ya nyumba ya wazazi wa mke wangu, nikiendesha bila kushika usukani ili anione. (Aliniona.) Kovu la miaka thelathini na zaidi. Leo asubuhi limefunguka. Sikugonga popote wala sikukuna. Limeachia lenyewe, kama bahasha iliyoishiwa gundi.

Nikakaa kitandani nikalitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kumpigia mke wangu. Halafu nikakumbuka samaki na machungwa yote niliyokula kwa simu tangu Novemba, nikaiweka simu chini.

Ngazi tatu za kuingilia dukani zimenichosha kama mlima. Mchana nimejaribu poda ya mke wangu usoni. Penye ngozi laini ilikaa vizuri. Penye mipasuko iliingia ndani ikaganda. Nilionekana kama ukuta wenye nyufa uliopakwa chokaa na mtu mwenye haraka. Nikanawa.

Nimempigia mpambaji. Nikamwambia ninaye shahidi hapa hapa sokoni, mama wa makamo, ambaye tangu mwaka juzi hapaki kingine ila Nuru ya Ngozi. Akasema atafurahi kumwona. Kesho asubuhi nitamweleza Mama Mafungu kwamba... Nitafikiria cha kumweleza.

Jumamosi, 9 Machi

Sikufikiria cha kumweleza.

Mpambaji alifika saa tatu kamili, kabla sijafungua dirisha la pili. Mwanamke mrefu, mwenye vidole vya mtu aliyezoea kushika nyuso za watu. Mimi nilikuwa nimevaa suti, soksi mpaka magotini na glavu. Jasho lilinitiririka. Akafungua kikopo, akanusa, akasugua kidogo nyuma ya mkono wake. Akaomba kumwona yule shahidi.

Nikamwongoza hadi kibanda cha pili huku nikimkonyeza Mama Mafungu. Mama Mafungu akaniuliza kama na jicho nalo limeanza.

Mpambaji alimshika shavu akaligeuzia kwenye mwanga. Nikaona amevutiwa. Akamuuliza ametumia mafuta haya tangu lini.

"Tangu juzi," Mama Mafungu akasema.

"Na yamekufaa?"

"Sana. Mlango haulii tena."

Nikaingilia haraka kueleza kwamba huyu mama ana utani mwingi, na nikacheka ili ionekane ni utani. Hapo ndipo nilipokosea. Kucheka ni kufungua mdomo. Mpambaji aliacha kumtazama Mama Mafungu, akanitazama mimi, fizi na midomo. Akaniambia nikae. Nikakaa juu ya kreti la nyanya. Akanivua glavu na kunikunja suruali bila kuomba ruhusa, nadhani kama anavyowafanya maharusi wake. Akaviona vidoa. Akaliona kovu. Mama Mafungu hakutania tena.

Mpambaji akasema miguu kama hii amewahi kuiona. Ya baba yake. Mama yake alipofariki, mzee hakutaka kumsumbua mtu. Alikula mkate na chai karibu mwaka mzima, na wanawe wakipiga simu anawaambia ameshiba. Walikuja kujua siku alipoanguka.

Nikamuuliza kama alipona.

"Yeye tulichelewa," akasema. "Wewe bado umekaa."

Mama Mafungu akafunga kibanda chake, siku ya Jumamosi, siku anayouza kuliko zote. Akafunga na duka langu. Mmoja akanishika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakanitembeza kuelekea zahanati. Tulikatiza soko zima. Watu wakatupisha. Muuza nyama akauliza kwa sauti leo nani anaolewa.

Jumapili, 10 Machi

Jana sikuwa na nguvu za kumalizia.

Tabibu alinimulika fizi kwa tochi, akazigusa, zikatoa damu. Akatazama vinyweleo vyangu kwa karibu mno, mpaka nikaona haya. Akaniomba nimtajie kila nilichokula tangu Novemba. Orodha haikuwa ndefu. Mkate, chai ya rangi, sukari. Akauliza kama Jumapili nabadilisha. Nikasema Jumapili naongeza sukari.

Akaweka kalamu chini. Akasema nina kiseyeye. Mimi nilidhani kiseyeye kilikuwa cha mabaharia wa zamani! Akanieleza kwamba mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, lazima uipate kwenye matunda na mboga, na hiyo ndiyo inayoshikanisha ngozi, fizi na vishipa vidogo vya damu. Ikikosekana kwa miezi, vishipa vinavuja chini ya ngozi, ndivyo vile vidoa. Fizi zinavimba. Hata makovu ya zamani yanaachia, kwa sababu kovu nalo linahitaji kutunzwa siku zote. Na midomo kupasuka pembeni ni upungufu wa ndugu zake, vitamini za kundi B na labda madini ya chuma, maana mtu anayekosa kimoja kwa kawaida anakosa vingi.

Nikamuuliza, kama mtaalamu kwa mtaalamu, je, mafuta bora kabisa yasingeweza kusaidia kutokea nje?

Tabibu akavua miwani. "Mzee wangu, ngozi yako haijakauka. Ina njaa. Na mwenye njaa hatumpaki uji usoni."

Mama Mafungu, kwenye benchi, akakohoa. Kilikuwa kikohozi chenye raha ndani yake.

Halafu tabibu akasema jambo moja bila mzaha: ugonjwa huu unaua, na wiki chache zaidi hajui angenikuta wapi. Lakini nikila inavyotakiwa, fizi zitatulia ndani ya siku chache, vidoa vitafifia baada ya wiki mbili tatu. Amenipa vidonge vya vitamini vya mwezi na nusu. Na kwenye karatasi ameandika machungwa, mapera, nyanya, mboga za majani, mayai, maharage. Nimeisoma mara nyingi, nikitumaini kuona kitu ambacho Mama Mafungu hauzi.

Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu shajara hii ina kufuli.

Jumatatu, 11 Machi

Tatizo la kisheria. Machungwa yapo kwa mtu mmoja. Kiapo nacho kipo. Lakini nilipokichunguza kiapo neno kwa neno, nikakuta kinanihusu mimi tu. Hakimhusu mtu mwingine yeyote.

Saa nne nikavaa koti la mvua, kofia ya pama na miwani myeusi ya mke wangu. Nikaenda kibandani na kuzungumza kwa puani. Nikajitambulisha kuwa ni msafiri, napita tu, nahitaji matunda kidogo ya njiani.

Mama Mafungu hakupepesa macho. Akanikaribisha, akaniuliza safari ni ya wapi. Nikasema mbali. Akasema msafiri wa mbali asile ovyo, kisha akatoa chini ya meza kikapu kilichokwisha kufungwa. Ndani mlikuwa na machungwa, mapera, nyanya, mboga mbichi, na kikaratasi kinachosema mboga zisichemshwe mpaka zikafa, dakika chache zinatosha. Nikamshukuru kwa puani. Akaniomba nikipita hapo pembeni nimsalimie jirani yake wa duka la mafuta, maana leo hajamwona na moyo wake hautulii. Nikaahidi.

Nimerudi dukani kwa kuzunguka soko lote. Nikaketi nyuma ya meza nikala machungwa matatu mfululizo. La kwanza liliunguza midomo mpaka machozi yakanitoka. La pili na la tatu hayakuunguza sana, lakini machozi yaliendelea tu.

Hakunitambua hata kidogo.

Alhamisi, 14 Machi

Fizi hazitoi damu! Ngazi za dukani nimezipanda nikipiga mluzi. Mipasuko ya mdomo imeanza kuziba. Msafiri amekwenda kibandani kila siku, na kila siku amekuta kikapu tayari. Bahati ya ajabu.

Lakini mimi si mtu wa kukubali mambo kichwakichwa. Tangu Jumatatu nimefanya utafiti wangu kimyakimya. Mguu wa kushoto naupaka Nuru ya Ngozi asubuhi na jioni. Wa kulia siupaki kitu. Leo nimeilinganisha dirishani. Vidoa vimefifia miguu yote miwili, sawasawa kabisa.

Mtu wa kawaida angekata tamaa hapo. Mimi nilifikiri zaidi nikaona ukweli: mafuta yanasafiri. Yanaingia mguu wa kushoto, yanapanda, yanavuka kiunoni, yanashuka wa kulia. Sijapata kusikia mafuta mengine yenye uwezo huo. Nikamweleza Mama Mafungu (nikiwa mimi, si msafiri). Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama na yule msafiri mwenye baridi puani anaendelea vizuri. Nikasema simjui.

Jumapili, 17 Machi

Mke wangu amerudi.

Nilikuwa nimejipanga. Suruali ndefu, soksi, nyumba imefagiliwa, maganda ya machungwa yamewekwa mezani mahali pa kuonekana. Akaingia, akaweka begi chini, akanitazama usoni. Furaha yake ikaishia mlangoni. Akasema nimekonda. Nikasema ni mazoezi. Akasema nachechemea. Nikasema ni hayo hayo mazoezi.

Akaniambia nipandishe suruali.

Aliviona vidoa vilivyobaki. Kisha akaliona goti, kidonda kikiwa kimeanza kufunga upya. Akapiga magoti sakafuni na kuweka kidole karibu yake bila kukigusa.

"Kovu hili nalijua," akasema. "Nilikuwepo siku ulipolipata."

Nikaanza kueleza habari za upepo na kunguni. Hakunikatiza. Nilipofika kwa Mama Mafungu na kiapo, maneno yakaanza kunipungukia yenyewe. Akanyanyuka, akaketi kando yangu.

"Miaka yote hii umeuza mafuta," akasema, "na mimi hukuwahi kunipaka kwa mgongo wa chupa. Kila jioni nakuuliza umekula nini, na kila jioni unanipaka. Ningerudi nikute nini?"

Akatoa chungwa kwenye begi, akalimenya, akawa ananipa kipande kimoja kimoja mkononi, na mimi nakula, mpaka likaisha. Kisha akajifuta mikono na macho, akaenda nyumbani kwa Mama Mafungu kumshukuru. Akakaa huko saa nzima. Nilipokwenda kumchukua niliwasikia tangu njiani wakicheka, na neno nililolisikia vizuri lilikuwa "msafiri".

Jumatano, 20 Machi

Jibu la mpambaji limekuja. Alikuja nalo mwenyewe.

Ameamua kwamba bi harusi wake yeyote ataanza kuandaliwa miezi miwili kabla ya siku yake, kwa kikapu cha matunda na mboga kila wiki kutoka kwa Mama Mafungu. Wamekubaliana na kupeana mikono hapo hapo mbele yangu. Nami nikasimama kando kama mlango mwingine uliotiwa mafuta.

Nikamuuliza, na Nuru ya Ngozi? Akafikiri kwa adabu. Akasema atachukua vikopo sita vya kung'arishia viatu vya maharusi. Viatu havina tumbo, akasema, kwa hiyo vitanufaika.

Mke wangu alidhani nitahuzunika. Hanijui! Mlango umefunguka. Nimeagiza karatasi mpya za kubandika: "Huaminiwa na Maharusi."

Jumatatu, 8 Aprili

Shajara yangu, samahani kwa kimya cha karibu wiki tatu. Nilikuwa kwenye kazi kubwa, pengine kubwa kuliko zote maishani mwangu.

Mji mzima unasema nimeponywa na machungwa. Sawa. Tuchukulie ni kweli vitamini ndiyo inayotengeneza ngozi. Mimi najiuliza swali ambalo hata tabibu hakujiuliza: kwa nini izungukie tumboni? Kutoka mdomoni mpaka muundini ni safari ndefu, ina kona nyingi, na vitamini nyingi lazima zinapotelea njiani. Ngozi yenyewe iko hapa nje, inaonekana. Ni mlango kwa mlango!

Kwa hiyo nimevisaga vidonge vyangu vyote vilivyobaki, nikavikoroga kwenye mafuta ya moto. Yametoka na rangi ya manjano kidogo, yanavutia mno. Hiki ndicho kitu cha nne kipya. Najipaka asubuhi na jioni.

Na ili utafiti uwe safi, nimeacha machungwa na mboga kabisa. Sayansi inataka jambo moja kwa wakati mmoja. Nikila na kupaka kwa pamoja, watu watayasifu machungwa tena, nimekwisha kuwajua. Shida ni mke wangu, anayenisimamia mezani kama askari wa zamu. Lakini nimepata njia. Vipande vya chungwa vinaingia kwenye mkono wa shati, mboga zinashuka mfukoni kwenye kitambaa, kisha natoka uani kunyoosha miguu. Nyuma ya ua, jirani yetu fundi bomba amefunga mbuzi wake. Mbuzi hasemi na mtu, wala hachagui chakula. Mke wangu ana furaha. Amemwambia binti yetu kwa simu kwamba baba yake sasa anakula sahani nzima.

Leo ni wiki ya pili, na utafiti unakwenda vizuri. Nachoka kidogo asubuhi, lakini hiyo ni kawaida kwa mtu anayefikiri sana.

Jambo moja tu linanikosesha raha. Yule mbuzi. Alikuwa mnyonge, manyoya yamesimama kama ufagio uliochakaa. Sasa amenawiri, anaruka huku na huko, na ngozi yake inang'aa mpaka watoto wa jirani wanapanga foleni kumpapasa. Nimemdadisi fundi bomba mara tatu, kwa ujanja mkubwa, na kila mara anajifanya hana habari.

Sitachoka. Lazima nijue anampaka nini.